Ziara ya chekechea dukani isigeuzwe biashara

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Muhula uliopita nilikuwa safarini kutoka Rongo, katika Kaunti ya Migori, kuelekea mjini Homa Bay. Kabla hatujafika Rodi Kopany, matatu tuliyoabiri ilipata pancha, nasi abiria tukateremka kungoja dereva na utingo wabadilishe gurudumu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo limenifanya niishike kalamu leo.

Watoto wapatao thelathini, wa umri wa miaka minne na mitano, walikuwa wakitembea kwenye kijia kilicho mbali kidogo na barabara, kila mmoja ameshika kamba moja ndefu. Mbele yao alikuwa mwalimu. Nyuma alifuata mzazi mmoja wa kike aliyejifunga leso kiunoni. Nilidhani wanapelekwa kliniki kuchanjwa. Kumbe walikuwa wakienda dukani! Nami, kwa kuwa niliwahi kushika chaki kwa miaka kadhaa kabla ya kustaafu, sikuweza kujizuia. Nilimwomba mwalimu ruhusa, nikaufuata msafara ule.

Duka lenyewe halikuwa na jambo la ajabu. Lilikuwa duka la sokoni kama yale yaliyojaa kote Nyanza: rafu za mbao, wavu wa chuma mbele ya kaunta, mizani, mtungi wa mafuta ya kupima, na ile gorogoro ya bati ambayo kila mama wa huku huipimia mahindi na maharagwe. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa amekwisha kuarifiwa. Mwalimu alimwamkia kwa heshima, akawaambia watoto nao wamwamkie, kisha somo likaanza kwa Dholuo, lugha ambayo nami ninaisikia kwa kiasi.

Watoto wanne walipewa sarafu ya shilingi tano kila mmoja, wakatakiwa wanunue pakiti ndogo ya chumvi kwa ajili ya jiko la shule. Msichana mmoja akauliza bei: "Chumbi en adi?" Akajibiwa kwamba ni shilingi kumi na tano. Basi wakaziweka sarafu juu ya kaunta moja moja, wenzao wakihesabu kwa sauti: tano, kumi, kumi na tano. Mtoto wa nne alibaki na sarafu yake mkononi. Akamtazama mwalimu kwa wasiwasi, kana kwamba amekosea. Mwalimu hakumjibu, bali aliwauliza wenzake kwa nini sarafu ile imebaki. Ukapita muda, kisha kivulana kimoja kikasema kwamba chumvi imetosheka na zile tatu. Wasomaji wapenzi, hiyo ni hesabu ya kutoa, na haikuandikwa ubaoni wala haikukaririwa.

Mengi mengine yalifuata. Watoto waliziangalia sarafu, wakamwona kifaru kwenye shilingi tano, kisha wakaonyeshwa simba wa shilingi kumi na ndovu wa shilingi ishirini, wanyama waliochorwa kwenye sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018. Walimwona mwenye duka akipitisha kijiti juu ya gorogoro ili kusawazisha mahindi, na mmoja akataka kujua kwa nini anayapunguza. Mama yule alieleza kwamba kipimo kisiposawazishwa, mtu mmoja atapata zaidi na mwingine atapunjwa. Kisha akaja mteja aliyelipia sabuni kwa simu. Kisichana kilichokuwa karibu na kaunta kikashangaa na kuuliza: "Pesa iko wapi?" Sisi watu wazima tulicheka, lakini sijui ni wangapi kati yetu wangeweza kumjibu vizuri.

Lakini jambo lililonigusa zaidi lilikuwa dogo sana. Mwenye duka alimtambua mtoto mmoja, akakunjua daftari lake la madeni, akaanza kusema kwa utani, "Wewe, mwambie mama yako..." Kabla hajamaliza, mwalimu akamkatiza kwa upole: "Mama, leo huyu ni mteja wangu. Ya nyumbani tuyaache nyumbani." Mama yule akaelewa mara moja. Akalifunga daftari, akamwita mtoto yuleyule aweke jiwe la mizani upande mmoja wakati anapima sukari ya mteja. Uso wa mtoto ule ukachangamka. Hapana shaka kwamba mwalimu aliyefanya hivyo anaijua kazi yake kuliko wengi wenye vyeti vikubwa.

Baada ya safari hiyo nilifika mjini Migori, nikamtembelea rafiki yangu wa siku nyingi. Nilimsimulia niliyoyaona. Badala ya kufurahi, aliinama. Akaniambia kwamba shule ya kibinafsi anakosoma mwanawe nayo ilikuwa imepanga ziara ya chekechea kwenda kwenye supamaketi. Barua ilitumwa kwa wazazi ikidai nauli ya basi, kofia, mkate, soda na picha ya kumbukumbu. Jumla ilikuwa fedha zinazoweza kununua unga wa juma zima katika nyumba yake. Hakuzipata. Siku ya ziara, mwanawe alibaki darasani na wenzake wachache, wakapewa karatasi yenye picha ya kikapu cha ununuzi waipake rangi. Na nje ya ua wa shule hiyo, hatua chache tu kutoka langoni, pana duka.

Hizo ndizo ziara mbili, katika kaunti mbili jirani ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini. Zote mbili zinaitwa ziara ya elimu, na zote mbili zinadai kutekeleza mtaala mmoja. Tofauti yake ni kwamba ya kwanza ilikuwa somo, ilhali ya pili ilikuwa bidhaa. Na bidhaa, kwa kawaida yake, humfikia mwenye uwezo wa kuinunua tu.

Tukumbuke tulikotoka. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulilaumiwa kwa miaka mingi kwamba ulimlea mtoto wa kukariri. Mwaka 2019 Mtaala wa Umilisi ukaanzishwa kote nchini, kuanzia madarasa mawili ya chekechea hadi Gredi ya 3. Shabaha yake ilikuwa mtoto ajifunze kwa kutenda, na mazingira yake yawe kitabu chake cha kwanza. Shughuli za chekechea zikapangwa katika lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Nami nauliza: ni wapi pengine ambapo mtoto wa miaka mitano anaweza kuzipata hizo zote kwa nusu saa, ikiwa si dukani? Lugha imo katika kuamkia na kuuliza bei, na hisabati imo katika sarafu. Mazingira yamo katika chumvi, mahindi na omena. Hata dini haikukosekana, kwa maana kile kijiti cha kusawazisha gorogoro kinafundisha uadilifu kuliko mahubiri marefu.

Wala fikra hii haikuzuliwa jana. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, aliipa baadaye jina lenye maana ya bustani ya watoto, kwa imani kwamba mtoto hukua kwa kugusa, kucheza na kutenda. Mwaka 1967, jirani yetu Mwalimu Julius Nyerere aliandika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule ilimtenga mtoto na jamii yake. Mpaka wa Isebania hauko mbali. Mawazo yale yangaliweza kuvuka kwa miguu.

Kuna pia ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 1985 watafiti Carraher, Carraher na Schliemann walichapisha uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife, Brazil. Waliwachunguza watoto watano wa jamaa maskini, wa umri wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza bidhaa sokoni. Watafiti walijifanya wateja, wakawauliza bei za nazi na matunda mengine. Watoto walijibu sawasawa katika hesabu 98 kwa kila 100. Baadaye walipewa hesabu za namna ileile kama za shuleni, nambari tupu zisizo na bidhaa, na hapo walipata takriban 37 tu kwa kila 100. Ni kweli kwamba hao walikuwa wakubwa kuliko wa chekechea, tena walikuwa wachache. Hata hivyo, funzo lake linatuhusu. Mtoto anayeonekana mjinga mbele ya ubao huenda ni hodari mbele ya kaunta, na kazi ya mwalimu ni kujenga daraja kati ya mahali hapo pawili.

Kwa hiyo, kama ziara ya dukani ni rahisi na yenye faida kiasi hicho, mbona haifanywi kila mahali? Nimelitafakari swali hili, na sioni kwamba kizuizi kikubwa ni fedha.

Kizuizi cha kwanza ni sisi wazazi. Tunampima mwalimu wa chekechea kwa wingi wa kurasa zilizoandikwa katika daftari la mtoto. Mtoto akirudi nyumbani bila alama za vema za wino mwekundu, tunasema kwamba leo hakusoma. Akitupasha habari kwamba alikwenda dukani, tunauliza kama tumelipa karo ili akatembee. Wako wazazi wanaotaka mtoto wa miaka mitano afanyiwe usaili kabla ya kuingia Gredi ya 1, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikubali shule ya umma imfungie mtoto mlango kwa mtihani wa namna hiyo. Mwalimu, naye akitafuta kuridhisha, huwafungia watoto darasani na kuwaandikisha herufi mpaka vidole viume.

Kizuizi cha pili ni lugha. Sera ya nchi, ambayo msingi wake ulitiwa nguvu na Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, ni kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka ya mwanzo, na mahali penye mchanganyiko wa makabila Kiswahili kitumike. Katika Homa Bay aghalabu lugha hiyo ni Dholuo, ingawa katika visiwa vya Mfangano na Rusinga Kisuba nacho kinadai haki yake. Mjini Migori utasikia Dholuo, Igikuria, Kiswahili na nyinginezo katika foleni moja. Lakini shule nyingi huona haya kuitumia lugha ya mtoto. Zinataka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Sasa mwalimu wa namna hiyo atawapelekaje watoto dukani, mahali ambapo hakuna anayenunua chumvi kwa Kiingereza? Aidha, maneno yenyewe ya duka yanatufundisha jambo: duka, pesa na sukari yamo katika Kiswahili na yamo katika Dholuo. Biashara iliyaunganisha makabila kabla ya shule. Mtoto anayeyasikia maneno hayo katika lugha mbili amekwisha kuanza kujifunza Kiswahili bila kuchapwa.

Kizuizi cha tatu ni upungufu wa watu wazima. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, nazo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Tangu hapo tumeona madarasa yakijengwa na tepe zikikatwa. Sipingi majengo, wako watoto waliosomea chini ya miti, na mvua ilipokuja masomo yakaisha. Lakini jengo halishiki mkono wa mtoto anapovuka barabara. Mwalimu mmoja mwenye watoto arubaini, aliyeajiriwa kwa kandarasi na mwenye mshahara mdogo kuliko wa mwenzake wa shule ya msingi, hawezi kulaumiwa anapoogopa kutoka langoni. Bodaboda haimhurumii mtu. Barabara kuu ya kutoka Kisii kupitia Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania hupitisha malori mchana na usiku. Hofu yake ni ya haki.

Isitoshe, mjadala wa kitaifa umewasahau watoto hawa. Tangu kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi lifanye tathmini ya Gredi ya 6 mwaka 2022 na kuingia sekondari ya msingi mwaka 2023, kelele zote zimekuwa za huko juu: maabara, walimu, na mahali pa kuwaweka wanafunzi. Hayo ni muhimu. Lakini wahenga walisema udongo uupate ungali maji. Anayesubiri mpaka Gredi ya 7 ndipo amfundishe mtoto kuuliza maswali atakuta udongo umekauka.

Wapo watakaonipinga, wakisema kwamba duka si mahali patakatifu. Lina peremende za kumtamanisha mtoto, lina sigara, na lina ukumbusho wa umaskini wa nyumbani. Nakubali. Lile daftari la madeni nililoliona ni hoja nzito kuliko zote. Mtoto anaweza kwenda dukani kujifunza hesabu akarudi amejifunza aibu. Lakini jawabu si kumficha mtoto. Kwani yeye hutumwa duka lilelile kila jioni, mara nyingi bila senti, kwenda kuomba kukopeshwa nusu ya pakiti ya majani chai. Duka analijua. Asichokijua ni kusimama mbele ya kaunta kama mtu mwenye haki ya kuuliza na kujibiwa. Hilo ndilo alilopewa mtoto yule siku ile, alipoliweka jiwe la mizani kwa mkono wake mwenyewe. Na hilo ndilo alilonyimwa yule wa Migori, aliyebakishwa apake rangi kikapu cha karatasi.

Basi nini kifanywe? Kwanza, ziara ya chekechea katika mtaa wa shule ihesabiwe kuwa somo, si burudani, na somo halina nauli wala ada. Shule inayotaka kuwapeleka watoto mbali na ifanye hivyo, lakini isimwache nyuma mtoto hata mmoja kwa sababu ya mfuko wa mzazi wake. Ikishindwa kuwabeba wote, basi iende kwa miguu.

Pili, kaunti za Migori na Homa Bay ziweke katika mpango wao mtu mzima wa pili kwa kila ziara. Si lazima awe mwajiriwa. Mtaala wenyewe unahimiza wazazi washiriki. Yule mama wa leso niliyemwona nyuma ya msafara hakuhitaji shahada ili kuishika ncha ya kamba.

Tatu, mwalimu amtembelee mwenye duka kabla ya siku ya ziara. Wakubaliane saa isiyo na wateja wengi, njia isiyokatiza barabara kuu, na mambo mawili ya mwiko: daftari la madeni lisifunguliwe, na peremende zisigawiwe. Wafanyabiashara wetu ni watu wa kusikia. Wakiambiwa kwamba wao ni walimu wa siku moja, wataiheshimu kazi hiyo.

Nne, somo lisiishie dukani. Watoto wakirudi darasani na wajenge duka lao kwa makopo matupu, mchanga na vizibo vya chupa. Mmoja awe muuzaji na mwingine mnunuzi, kisha wabadilishane. Hapo ndipo nambari ziandikwe, kwa kuwa sasa zina maana. Na wakaguzi wa elimu ya chekechea wanapofika, waombe kuonyeshwa duka hilo kabla ya kuomba daftari.

Kwenu ninyi wanafunzi mnaosomea ualimu wa watoto wadogo, nina neno moja. Mtaambiwa kwamba kazi yenu ni ya chini, na mshahara wenu utaelekea kulithibitisha neno hilo. Ni haki yenu kuudai uongezwe, nasi tuwaunge mkono. Lakini msiidharau kazi yenyewe. Yule mwalimu wa kando ya barabara hakuwa na basi, wala kofia, wala kamera. Alikuwa na kamba, shilingi ishirini na busara.

Tunapenda kuwafundisha watoto wetu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wanaikariri methali hiyo vizuri, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyepata kukiona kibaba. Lakini gorogoro wanaijua. Tuwapeleke wakaione ikijaa.